Mlenda Nilioula Jioni Ile

Mke wangu, Mama Petro,

Ulikuwa ukisema mimi sijui kusalimia, kwamba naanza na shida kabla sijavua kofia. Ni kweli. Basi na leo naanza na shida. Kuna jambo nililikalia kimya tangu siku uliyotutoka, na kimya changu kimemuumiza mdogo wako Raheli. Mbele ya watoto nimeshalisema. Sasa nakuandikia wewe, na barua siifungi, aisome anayetaka, maana niliowaficha ni wengi.

Mguu haujambo. Najua hilo ndilo ungeliuliza kwanza. Kidonda cha kisigino kimefunga, ila vidole viwili vya mwisho sivisikii kabisa, hata nikivigonga kwa mpini wa jembe. Macho yananisumbua jua likianza kushuka. Kliniki naenda. Mkwe wetu, mke wa Petro, hunipigia simu kutoka Unyambwa kila jioni: "Shikamoo baba, umechoma sindano?" Namwambia nimechoma. Siku nyingine namdanganya, nakuwa bado. Usinikaripie, nachoma baadaye.

Unakumbuka tulivyoujua huu ugonjwa? Ilianza na sisimizi. Nilikuwa na tabia ya kujisaidia haja ndogo nyuma ya zizi, na kila asubuhi ukienda kufagia unawakuta wamejaa palepale kama wamealikwa harusini. Ukaniita. "Baba Petro, njoo uwaone wageni wako." Mimi nikacheka. Wewe hukucheka, maana ulishasikia kwa akina mama wa kwaya kwamba mkojo wenye sisimizi una sukari. Nikakwambia kisukari ni ugonjwa wa wakubwa wa mjini wenye vitambi, mimi mkulima wa alizeti na vitunguu kingenipatia wapi? Ukanijibu, "Haya, twende daktari naye akatuambie hivyohivyo." Tukaenda. Hakutuambia hivyohivyo.

Siku ileile ulirudi ukaiondoa sukari nyumbani. Chai ikawa kama maji ya kusuuzia sufuria. Nilinuna wiki nzima, na wewe ukanywa chai ileile chungu, hukusema neno. Nilikuuliza kwa nini unajitesa na wewe huumwi. Ukasema, "Ninywe tamu halafu unichungulie kikombe? Bora tukose wote." Mpaka leo nikinywa chai naona haya.

Na vidonge viliposhindwa, tukahamia kwenye sindano. Hapo ndipo uliponicheka mpaka ukakaa chini. "Mwanaume aliyemfukuza fisi zizini kwa kijinga cha moto, leo anaogopa kasindano kama unywele!" Siku ya kwanza nilifumba macho, nikauma meno, nikakusubiri. Nikaona kimya. Nikakuuliza unangoja nini. "Fumbua macho, mzee. Nimeshamaliza zamani, naosha vyombo." Toka hapo mkono ulionichoma ulikuwa wako, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka ngozi ya tumbo langu ukawa unaijua kuliko mimi.

Umeme kwetu haukuwepo, friji tungeitoa wapi. Nesi akakufundisha kuweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi, dawa ikae humo ipate ubaridi. Ukaunywesha mchanga ule maji kama mtoto mchanga. Kiangazi kikitubana, maji yanafuatwa mbali na punda, mimi nikitaka kuoga unaniambia nipanguse uso na miguu inatosha. Lakini mchanga wa dawa haukukauka hata siku moja. Nilikuwa nalalamika. Mdomo wangu huu, Mama Petro, umelalamika sana katika maisha yako.

Halafu ikaja siku ile ya shambani. Nilikuwa nimechoma, nikasema niwatazame mbuzi kwanza ndiyo nirudi kula. Nikaangukia kwenye matuta ya vitunguu, natetemeka, jasho linanitoka, naongea maneno ya ajabu. Wewe na Raheli mkanikuta. Yeye alinishika kichwa, wewe ukanimiminia maji ya sukari mdomoni. Nilipozinduka ulikuwa unalia na kugomba kwa pamoja. Ukaweka sheria palepale, ukamfanya na Raheli shahidi: chakula kiive kwanza ndipo sindano iingie, na sindano ikishaingia, chakula hakingoji mtu. Awe mgeni, awe mchungaji, mzee anakula.

Nimeanza mbali ili watu waelewe. Sasa nafika ninapoogopa.

Kila mwezi tulikwenda kliniki, mimi mbele na fimbo, wewe nyuma na mkoba wenye kadi. Ulikaa benchi la wasindikizaji. Miaka yote ile. Siku moja nesi mmoja, binti mpole, alikutazama akauliza, "Na mama, presha umepima lini?" Wewe ukafungua mdomo, na mimi nikakuwahi. Nikasema, "Huyu? Huyu ni mzima kabisa. Mgonjwa ni mimi." Nikasema kwa sauti, kama mtu anayetetea cheo chake. Ukacheka, ukajifunika vizuri kitenge chako, na nesi akaita mwingine. Ule mkanda wa kupimia ulikuwa pale mezani, hatua mbili kutoka mkono wako. Hakuna siku uliyovishwa.

Nyumba ile ilikuwa na nafasi ya mgonjwa mmoja tu, na nafasi nilikuwa nimeikalia mimi. Hiyo ndiyo kweli. Ulipoanza kujifunga kitambaa kichwani na kukikaza kwa nguvu, nilikiona. Ulipokuwa unamtuma mtu dukani akuletee dawa za maumivu, nilijua. Usiku mmoja uliniambia kichwa kinagonga kama mtu anatwanga uwele ndani yake. Nikakwambia, "Ni jua hilo." Ukasema, "Labda. Lakini watoto usiwaambie, watasema wazee wamezidi kuugua." Nikakutii upesi. Jambo ambalo lingenisumbua kulifanya, ukiniambia nisilifanye nakutii upesi mno.

Jioni ya siku ile kichwa kilikuwa kimekuuma tangu asubuhi. Raheli akavuka korongo kuja kukusaidia kupika. Alikuja na mboga yake ya mlenda mkavu ndani ya kipande cha kanga, na unga wa uwele. Wewe hukukubali kulala, ukakaa kwenye kigoda kumsimamia, kwa sababu chakula cha mzee kina saa yake. Mimi niliposikia harufu ya ugali nikaona kimeiva. Nikajichoma mwenyewe, kwa uvivu wa kungoja. Raheli akakudondoshea mlenda kiganjani uonje. Ukaonja. Ukasema, "Ongeza chumvi kidogo." Ukasimama uifuate chumvi mwenyewe, ukaanguka.

Mdomo ulikwenda upande. Mkono wa kulia ukalala kama si wako. Raheli akapiga yowe, jirani akakimbia kutafuta gari. Na mimi, badala ya kukushika, nikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka. Sikujua kama ni hofu au ni sindano. Raheli alikuwa amekuweka kichwa mapajani mwake. Akaniangalia, akauliza, "Shemeji, ulishachoma?" Nikaitikia kwa kichwa. Akavuta bakuli kwa mkono mmoja, akamega tonge, akalichovya, akanitia mdomoni. Halafu jingine. Halafu jingine.

Nilikula, mke wangu. Umelala chini pale, jicho moja limefumba na jingine linanitazama, na mimi nikala mlenda uleule ulioutakia chumvi. Nikamaliza bakuli. Na nikwambie lote: nilikuwa na njaa, na kilikuwa kitamu. Tetemeko likapungua. Gari likaja, tukakupakia, tukashika njia ya hospitali Kiomboi, na kabla hatujafika ukaacha kupumua mkono wako ukiwa ndani ya mkono wangu wenye harufu ya mboga.

Tukakuzika. Watu walikuwa wengi, ungefurahi. Lakini siku ya tatu tu nikaanza kusikia minong'ono jikoni, kwamba marehemu alikuwa mzima, hakuugua hata siku moja, akaonja mlenda wa mdogo wake, akaanguka papo hapo. Mimi mwenyewe nilishatangaza kwa miaka kwamba wewe ni mzima kabisa, nani angesema vingine? Wakaongeza kwamba Raheli ni mjane, hana mtoto wa kiume, macho yake mekundu. Macho mekundu! Nani kati ya wanawake wa rika lake hapa ana macho meupe, na kuni zenyewe ndizo hizi zetu?

Petro akanijia pembeni. Alikuwa amevimba uso kwa kulia. "Baba, wewe ulikuwepo. Mama alikula nini?"

"Alionja mlenda."

"Wa nani?"

"Wa mama yako mdogo."

"Kuna mwingine aliyekula ule mlenda?"

Hapo ndipo ningesema. Neno moja lilitosha. Ningesema, mwanangu, mimi nilimaliza bakuli zima na nimesimama mbele yako. Lakini niliona nitakavyotazamwa. Mke anakata roho, mume anakula. Wangenitungia wimbo. Nikatazama chini, nikasema, "Hakuna."

Hilo "hakuna" likaondoka likaenda kwa Raheli. Kisimani wanawake wakawa wanavuta ndoo zao akifika. Kanisani akikaa benchi, benchi linabaki lake peke yake. Watoto waliokuwa wanamsaidia kuchota maji wakakatazwa. Bati lake likapigwa mawe mara mbili. Petro akampelekea ujumbe kwamba asikanyage nyumbani kwetu tena, wala kaburini. Na mimi nikakaa hapa nachoma sindano yangu, nakula kwa saa, namwona ng'ambo ya korongo anahangaika na ndoo zake, mama wa umri ule. Sikuvuka.

Nilitaka kuvuka. Nilijiambia kila wiki, mguu ukipona. Mguu ulipona.

Kabla mvua hazijaanza, watoto wakaja kulijengea kaburi lako. Petro alileta saruji na mafundi, wakwe wakapika, mchungaji akaja. Asubuhi ya siku ile nikamsikia Petro akimwambia binamu yake kwamba ibada ikiisha, keshokutwa anaondoka kwenda kwa mtaalamu mmoja wa mbali, akamwambie wazi aliyemuua mama yake, "halafu tutajua la kumfanya." Mtaalamu wa namna hiyo unamlipa akwambie jina ulilokwenda nalo. Na huku kwetu tunajua mabibi waliokutwa asubuhi wamekufa majumbani mwao kwa sababu ya jina kama hilo.

Ibada ikaisha. Ni kawaida mwenye nyumba ashukuru watu kabla ya chakula. Nikasimama na fimbo yangu. Nikasema, "Kabla hamjala, sikilizeni. Ule mlenda wa Raheli mimi niliula. Wote. Mama Petro akiwa chini."

Shangazi mmoja akasema kwa huruma, "Mkalisheni mzee, sukari imempanda."

Nikawaka. "Sukari yangu iko sawa! Leteni mashine mnipime hapahapa! Mnataka mgonjwa aseme uongo ndiyo mumwamini?" Nikawaeleza sindano, nikawaeleza sheria yako, nikawaeleza kitambaa cha kichwani na dawa za dukani na usiku wa kutwanga uwele. Nikawaeleza lile benchi na jibu nililompa nesi. Nikasema, "Mama yenu alikuwa na presha na hakuna aliyempima, na aliyezuia asipimwe ni mimi. Mkitafuta aliyemuua, msiende mbali."

Petro alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtoto niliyemzaa. "Baba, ulikula?"

"Nilikula."

"Mama amelala pale?"

"Amelala pale."

Akatoka. Chakula hakugusa. Alikaa ndani ya gari lake, milango imefungwa, na mkewe alipomfuata alimkuta analia kwa sauti kama mtoto. Kwa mtaalamu hakwenda. Na mimi hajanipigia simu tangu siku hiyo, anapiga mkewe. Sijamlaumu.

Kesho yake asubuhi nikavuka korongo. Nilitumia muda mrefu, nakaa, nasimama. Nilipofika kwa Raheli nikafikiri nimekosea nyumba. Mabati yalikuwa yameteremshwa, yamefungwa kamba. Vyungu vimepangwa nje. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua wahamie Itigi, na gari lilikuwa linatarajiwa wakati wowote.

Raheli alinisogezea kigoda. Alikuwa amekonda, Mama Petro, mabega yamefanana na yako ulipokuwa unaumwa malaria ile mbaya. Nikamwambia nimeshasema. Akasema amesikia, habari ilivuka korongo jana ileile. Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Nimekusamehe, shemeji." Akaendelea kufunga kamba.

Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Alikuwa na ushahidi mkononi, angesema tu, mbona shemeji naye alikula na yuko hai. Akacheka kidogo, bila furaha. "Nani angemwamini mchawi? Na kama wangeamini, wewe ungebaki na uso gani kijijini? Dada asingependa."

"Dada yako alinitazama nikila," nikamwambia. "Lile jicho lake, Raheli. Silali kwa ajili ya lile jicho. Alikufa ananiona mume wa namna gani?"

Akaacha kamba. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Shemeji, wewe hukuona?"

"Nini?"

"Mimi nilikuwa nimemshika, nilikuwa nimechanganyikiwa, ningekukumbuka wewe saa ngapi? Ni yeye. Mkono wa kushoto ulikuwa bado una nguvu. Alinifinya paja, akalisukuma bakuli, akakuangalia wewe. Akalisukuma tena. Ndipo nikakuuliza kama umechoma. Alipokuona unatafuna ndipo akaulegeza mkono."

Nilishika fimbo kwa mikono miwili. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miezi yote ile.

"Hukuja kuniuliza, shemeji," akasema.

Gari likafika. Wakapakia mabati, vyungu, godoro, kuku wanne kwenye tenga. Nikamwambia abaki, nitakaa naye benchi moja kanisani, nitamchotea maji kwa punda wangu, nitamshika mkono mbele ya watu wote. Akasema anajua nitafanya hivyo, lakini usingizi wa nyumba ile umeshaharibika, kila jani likianguka juu ya bati anadhani ni jiwe. Akanipa mkono. Alizaliwa hapa, mama yenu kazikwa hapa, mumewe kazikwa hapa, na sasa wewe. Akapanda mbele na binti yake, hakugeuka.

Basi ndiyo hivyo. Niliona aibu kwa tonge ulilonipa wewe mwenyewe. Kazi yako ya mwisho duniani ilikuwa kunilisha, na mimi nikaificha kama wizi, na kwa kuificha nikamfukuzisha ndugu yako pekee aliyebaki. Laiti ningevuka korongo wiki ya kwanza. Laiti ningemwacha nesi yule akufunge mkanda mkononi. Nakulilia, Mama Petro, nalia mzee mzima, na hakuna wa kunicheka.

Wanaoisoma barua hii, nawaomba jambo moja tu. Kama mna mzee anayeumwa, mtazameni na yule anayebeba mkoba wake.

Nakuaga sasa, maana ugali uko motoni na nimejifunza kungoja uive. Unatoka na madonge, na mlenda wangu hauvutiki. Nakula hivyohivyo, mpaka mwisho wa bakuli, kwa sababu ulitaka nile. Ila naula peke yangu, na ng'ambo ya korongo hakuna moshi.

Pumzika, mke wangu. Mwambie Mungu nimechelewa, lakini nimesema.

Mumeo, uliyemlisha,
Baba Petro